Dkt. Elsie Kavutha Nzau, Mtafiti Aliyeiondoa Makala Yake Mwenyewe

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Ndete Nzau, makaburi ya Lang'ata, Nairobi, Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025

Mchungaji, mama yetu, shemeji zetu mliosafiri kutoka Bungoma, majirani wa Kariobangi South, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iveti, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu leo mkaja kumsindikiza: asanteni. Familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu. Yeye mwenyewe aliniambia mwezi uliopita, "Ndete, usinipambe. Waambie na yale yaliyoniendea vibaya, maana wengi wao walikuwepo." Kwa hiyo nitayasema yote, na sitamwonea haya.

Elsie Kavutha alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika hospitali ya Pumwani. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Nzau Munyoki, aliyekuwa dereva wa baraza la jiji, na Mama Ndinda, ambaye Mungu ametujalia kuwa naye hapa leo. Tulizaliwa wanne na sote tulilelewa Jericho, katika nyumba ya baraza. Tangu utotoni Kavutha alikuwa mtu wa kutaka kuona mwenyewe. Asubuhi moja baba aliutafuta ufunguo wa lori hadi akakata tamaa, akachelewa kazini na kukaripiwa na mkubwa wake. Jioni tuliukuta ndani ya glasi ya siki, chini ya kitanda cha Kavutha. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba siki huondoa kutu. Baba aliutoa, akaufuta kwa shati, akaugeuzageuza. Ulikuwa unang'aa. Mkanda alikuwa ameshaushika mkononi, lakini badala ya kumchapa alimuuliza, "Na ule wa stoo, unaweza?"

Alisoma shule ya msingi pale pale Jericho na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980. Kuanzia Januari 1981 alikuwa katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Machakos, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1984 na cha sita mwaka 1986. Mwaka 1987 aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kemia. Vyuo vilifungwa mara kwa mara miaka ile, na kila chake kilipofungwa alirudi Jericho akatufundisha sisi wadogo zake kwa ukali ambao hatujausahau. Alihitimu mwaka 1991. Shahada ya pili aliipata mwaka 1998, na ya uzamifu mwaka 2007, akiwa na watoto wawili na kazi ya kutwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika maabara ya kiwanda kimoja cha rangi, Industrial Area. Huko ndiko ndoa yake ilikoanzia. Mwaka 1992 kiwanda kiliagiza katoni ya chupa za maabara, ikasafirishwa kwa treni kutoka Mombasa, na Kavutha akatumwa stesheni kuipokea. Karani aliyemkuta dirishani alikuwa kijana mrefu kutoka Bungoma, Frankline Wamalwa. Frankline aliitikisa katoni, akasikia ilivyolia, akamtazama.

"Dada," akasema, "chupa zako zimefika zote. Ila hazijafika kama chupa."

Kavutha alikuwa amejiandaa kugomba. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shemeji anasema alimpenda hapo hapo. Dada yetu naye alikuwa akituambia kwamba yeye alihitaji siku kadhaa za kulithibitisha jambo hilo. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994 katika kanisa letu la Jericho, wakahamia Kariobangi South, na hawakuhama tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Celine Nasimiyu na Kizito Wafula.

Septemba 2009 Kavutha aliajiriwa kuwa mhadhiri wa kemia katika Chuo Kikuu cha Iveti. Jumatatu alisafiri kwenda chuoni, Alhamisi akarudi Nairobi kwa mumewe na watoto. Chuo kilikuwa kichanga, kikitafuta jina, na njia ya kulipata ilikuwa utafiti. Kila mwaka idara zilipangwa kwa idadi ya makala zilizotoa katika majarida ya kisayansi. Idara ya dada yetu ilikuwa ikishika mkia.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kisa chenyewe, na wengine wenu mlikisikia nusu tu.

Mwaka 2015 Kavutha na wenzake walichapisha makala kuhusu sufuria zinazotengenezwa na mafundi wa jua kali wa Kariobangi kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa tindikali kidogo, mfano wa mchuzi wa nyanya, kisha wakapima kama kuna madini ya risasi yaliyotoka. Waliyakuta, tena mengi, karibu katika kila sufuria. Risasi ni sumu, na mtoto anayeila kidogo kidogo huharibika akili. Makala ilisomwa hadi ng'ambo. Chuo kiliitundika kwenye ukumbi mkubwa. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza.

Mama alisikia redioni akampigia simu akiwa na hofu. "Kavutha, nani huyo anayeficha risasi kwenye sufuria? Na polisi wanajua?" Dada alimweleza kwamba si risasi za bunduki. Mama akakata simu akiwa ametulia kabisa, na jioni akaendelea kupikia sufuria yake ile ile ya mafundi wa Kariobangi.

Lakini Kariobangi hawakutulia. Wanunuzi waliacha kuja. Karakana zilizokuwa zikigonga vyuma tangu asubuhi zikanyamaza. Fundi Willis Ochola, mkazi wa Huruma mwenye karakana Kariobangi, ambaye yuko hapa, aliwaachisha kazi vijana wake wawili, akabaki peke yake akitengeneza vishikio vya milango. Siku moja mwaka 2016 alimsimamisha dada yetu barabarani akitoka kanisani.

"Daktari, mimi si mtu wa kelele," Ochola alimwambia. "Nakuuliza tu. Una uhakika?"

"Nina uhakika, Ochola. Nisingekuwa nao nisingeandika."

Ochola aliitikia kwa kichwa akaenda zake. Dada hakusema uongo. Aliamini alichosema.

Januari 2017 alikuwa maabara ya Iveti na mwanafunzi wake wa uzamili, Roseline, wakianza utafiti mwingine. Aliwafundisha wanafunzi wake wote kupima kwanza ile tindikali yenyewe, ikiwa peke yake kwenye chombo cha kioo, ili wajue ni safi. Roseline akapima. Mashine ikaonyesha risasi.

"Dokta, mashine imeharibika?" Roseline aliuliza.

"Rudia."

Akarudia, ikaonyesha vile vile. Wakafungua chupa nyingine ya katoni hiyo hiyo, nayo ina risasi. Ndiyo katoni iliyotumika katika utafiti wa sufuria. Wakati ule walikuwa wamepima chupa ya kwanza, wakaikuta safi, wakaziamini zote zilizofuata. Na zilizofuata zilikuwa chafu tangu zilikotoka. Sumu waliyoipima miezi yote ile ilikuwa imo ndani ya dawa yao wenyewe.

Roseline anasema dada hakupiga kelele wala hakulia. Alirudisha kifuniko cha chupa polepole, akaketi. Kisha akampigia mumewe.

"Frankline, nimewadhulumu watu."

"Njoo nyumbani kwanza ule," Frankline akamjibu. "Halafu tutajua la kufanya."

La kufanya alikuwa ameshalijua. Jumatatu iliyofuata alimwambia mkuu wa idara kwamba anaiandikia ofisi ya jarida makala ile iondolewe. Mkuu wa idara alifunga mlango. Alimkumbusha kwamba makala hiyo ndiyo iliyoitoa idara mkiani, na kwamba jina lake Kavutha lilikuwa mezani kwa ajili ya uprofesa.

"Subiri," alimwambia. "Kosa likiwepo, mtafiti mwingine ataligundua. Sayansi hujirekebisha."

"Huyo mwingine ni nani?" Kavutha akauliza. "Ochola?"

"Daktari, chuo hiki kinahesabiwa kwa makala."

"Basi hesabuni mmepungukiwa moja."

Makala iliondolewa Aprili 2017. Ile ya ukumbini ikashushwa. Wenzake wawili walioandika naye waliacha kumsalimia kwa muda, ingawa namshukuru Mungu kwamba mmoja wao yupo nasi leo na amebeba shada. Uprofesa ukaenda kwa mtu mwingine. Chuo kikaunda kamati kuchunguza kama alidanganya makusudi, na kwa miezi kumi hatukujua kama angefukuzwa. Kanisani watu walituuliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli Kavutha aliandika uongo?" Mama alikonda. Mimi nilimwambia dada kwamba pengine angenyamaza tu. Alinitazama, akaniuliza nitakunywa chai au la.

Kabla kamati haijakaa, alikwenda Kariobangi mwenyewe. Shemeji alitaka kumsindikiza, akakataa. Ilikuwa mchana, na habari zilipoenea kwamba yule daktari wa risasi amekuja, mafundi walijaa mbele ya karakana ya Ochola. Nayasema haya kama nilivyosimuliwa na Ochola, maana dada hakuwahi kujisimulia.

"Niliandika kwamba sufuria zenu zina risasi," aliwaambia. "Risasi niliyoipima ilikuwa kwenye dawa yangu. Nilikosea, na ninyi ndio mliolipia. Naomba msamaha."

Ochola akauliza, "Kwa hivyo sufuria zetu ziko sawa?"

Angeweza kusema ndiyo. Watu wangempigia makofi, angerudi nyumbani akiwa mwepesi.

"Sijui," alisema. "Nilichokipima si sufuria zenu. Niruhusuni nipime upya."

Hapo kijana mmoja akalipuka. "Madam, unatuona aje? Ulituharibia jina, saa hii unarudi ati unataka kupima tena? Tukuamini na nini?"

"Usiniamini," dada akamjibu. "Njoo uone nikipima. Yeyote anayetaka aje."

Kelele zikazidi. Wengine walitaka aondoke. Ochola aliingia chumba cha nyuma, alikokuwa akipika chakula cha mchana, akatoka na sufuria nyeusi iliyochakaa, bado ina ukoko wa ugali.

"Hii niliitengeneza mwenyewe nilipooa," akasema. "Mke wangu amewapikia watoto wetu watatu kwa hii, ikachoka nikaileta hapa. Anza nayo."

Mnaelewa alichokuwa anauliza. Hakuwa anauliza habari ya biashara tena. Siku alipokwenda Iveti kushuhudia kipimo, Ochola alivaa koti lake la kanisani. Walipima tindikali kwanza, chupa yenyewe iliyotumika, ikawa safi, na Roseline akamsomea namba kwa sauti. Kisha wakapima maji yaliyochemka ndani ya sufuria. Walisubiri. Ochola hakuwa anaitazama mashine. Alikuwa anautazama uso wa dada yetu.

Roseline akasoma namba. Risasi iliyokuwemo ilikuwa kidogo mno, chini ya kile kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa.

"Maana yake?" Ochola akauliza.

"Maana yake watoto wako hawakula sumu kwenye sufuria hii."

Ochola alikaa juu ya debe lililokuwa karibu, akajifunika uso kwa mikono miwili. Dada alikaa chini sakafuni kando yake, na gauni lake la maabara, na wote wawili wakalia kwa furaha mpaka Roseline akaenda kuwaletea maji. Dada aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupumua kama alivyopumua siku ile.

Februari 2018 kamati ilitoa uamuzi. Ilisema kosa lilikuwa la bahati mbaya, kwamba mtafiti alilitangaza mwenyewe mapema, na abaki kazini. Tulikuwa sebuleni kwake simu ilipoingia. Alisikiliza, akasema "Asante," akaiweka simu mezani. Mama akapiga vigelegele kabla hajaambiwa ni habari gani. Frankline alitoka nje akasimama uani peke yake, na tulipomfuata tukamkuta anaimba wimbo wa Kibukusu ambao hatukuujua, kwa sauti mbaya.

Kazi ya kupima upya ilichukua miaka, maana pesa za utafiti hazikuwa zikimjia tena kwa urahisi, na korona nayo ikafunga kila kitu. Lakini waliimaliza. Walipima sufuria kutoka karakana zote za eneo lile zilizokubali, na nyingi zilikuwa salama. Zipo chache ambazo hazikuwa salama, na dada hakuzificha. Walizifuatilia moja moja mpaka wakajua zilitoka kwenye chuma kilichochanganywa na vipande vya betri na rejeta kuukuu za magari. Alirudi Kariobangi akawaambia hivyo pia. Safari hii hakuna aliyepaza sauti. Mafundi walikubaliana vyuma hivyo visiingie tena kwenye tanuri za sufuria. Yule kijana aliyelipuka ndiye waliyemchagua kusimamia jambo hilo, na analisimamia mpaka leo. Wanunuzi walianza kurejea taratibu. Ochola aliwarudisha vijana wake wawili, na sasa wako wanne.

Novemba 2023 Kavutha alianza kupata shida ya kumeza. Mwanzoni alidhani ni baridi ya Iveti. Januari 2024 madaktari walituambia ni saratani ya umio, na kwamba imeshasambaa. Alipata matibabu kwa muda, yakampa nafuu, kisha nafuu ikaisha. Hakukubali kuacha kuandika. Roseline alikuja Kariobangi South kila Jumamosi, wakakaa kitandani na karatasi zimetapakaa juu ya blanketi, wakibishana kuhusu sentensi. Celine, ambaye ni muuguzi, alikuwa akiwafukuza wapumzike, nao wakimsubiri atoke waendelee.

Makala mpya ilichapishwa Mei 2025. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba utafiti uliotangulia wa mwandishi huyu huyu ulikuwa na kosa, na inaeleza kosa lenyewe lilikuwa nini. Wahariri walimwambia si lazima ianze hivyo. Akawajibu kwamba kwake ni lazima. Makamu wa mkuu wa chuo alikuja nyumbani kumpongeza, akasema kwamba mwaka huo makala ya Iveti iliyosomwa zaidi ni hiyo. Dada alimkaribisha uji. Uprofesa haukuja, na hakuuulizia.

Kuanzia Julai maumivu yalikuwa makali. Sitayaeleza, maana mama yuko hapa. Lakini nataka majirani mliomsikia wakati ule mjue jinsi mambo yalivyokuja kuwa. Agosti alianza kuhudumiwa na wauguzi wa tiba shufaa, wanaowatunza wagonjwa majumbani, wakampa dawa ya maumivu ya kunywa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi, nywele zimechanwa. "Ndete, nimelala!" akaniambia, kama mtu aliyepata zawadi. "Nimelala usiku kucha!" Na kuanzia siku hiyo maumivu hayakumtawala tena. Alikula alichoweza na akapokea wageni. Kizito, aliyekuwa amesafiri kutoka Kisumu, alicheza naye karata akashindwa kila mchezo. Miezi miwili hiyo ilikuwa ya amani, na tunaishukuru kuliko tunavyoweza kusema.

Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, jua likiwa limeshachomoza, Celine alifungua pazia akamuuliza, "Mama, unaumwa?"

"La," alijibu. "Siumwi popote." Alisema hivyo kwa mshangao kidogo, kama anayejikagua.

Akamwomba Frankline amsomee zaburi. Frankline aliketi kitandani, akamshika mkono, akaanza kusoma. Katikati ya zaburi Celine aliona kifua cha mama yake hakipandi tena, akamgusa baba yake begani. Frankline aliona. Hakunyamaza. Aliendelea kusoma, sauti ile ile, mpaka mstari wa mwisho, ndipo akafunga kitabu akambusu kwenye paji la uso.

Yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana azikwe hapa Nairobi, na wazee wa Bungoma waliridhia bila neno. Tunawashukuru sana.

Dkt. Elsie Kavutha Nzau amemwacha mume wake, Frankline Wamalwa. Mama yake, Mama Ndinda Nzau. Watoto wake, Celine na Kizito. Mkwe wake, Siyad, na mjukuu wake, Ndinda mdogo. Wadogo zake, mimi Ndete, Carolyne na Munyoki. Mashemeji, wapwa na mabinamu wengi. Wanafunzi wake wa Iveti. Na mafundi wa Kariobangi, ambao wamesisitiza watajwe pamoja na familia, na familia imekubali kwa moyo wote.

Tunalia, kwa sababu tutamkosa. Lakini nawaambia ukweli, ndugu zangu: hatuna mzigo mioyoni. Aliondoka akiwa hana maumivu na hana jambo alilolificha.

Mungu ampokee Kavutha wetu, ampe pumziko lenye amani.